Nani Ameua Klachi?

Lori likikwama mlimani kwa sababu ya klachi, lawama hufika kabla ya fundi. Tajiri yuko kwenye simu, utingo anatandaza matawi barabarani kuwaonya wanaokuja, na kabla boliti moja haijalegezwa watu wameshakubaliana kwamba dereva ameunguza klachi. Yapo magari ambayo hukumu hiyo ni ya haki. Yapo mengine, na si machache, ambayo dereva anabebeshwa kosa la oili sili ya bei ndogo, la hozi iliyovimba ndani, au la fundi wa mara iliyopita aliyeacha gia boksi ining'inie kwenye shafti yake. Kubishana hakuwezi kutenganisha haya. Kinachoyatenganisha ni vyuma vilivyotoka, na bahati mbaya vyuma hivyo ndivyo vinavyotupwa kwanza kwenye lundo la skrepa, seti mpya ikafungwa, gari likaondoka.

Gereji inayofunga klachi mpya bila kuisoma ile ya zamani inamuuzia mwenye gari ugonjwa uleule kwa mara ya pili. Na pale ambapo bei ya klachi inakatwa kwenye posho ya dereva, kusoma vyuma hivyo kunagusa riziki ya mtu.

Pleti ya klachi ya lori kubwa, mara nyingi yenye kipenyo cha milimita 430, hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Dereva akikanyaga pedeli, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi ya diaframu, au inavivuta kama ilivyo kwenye malori mengi makubwa ya siku hizi, presha pleti inaachia, na injini inabaki inazunguka peke yake. Akiinua mguu, vyote vinabana tena. Katikati ya kuachia na kubana kabisa pana sekunde chache za kusuguana. Maisha ya klachi yote yamo humo, kwa sababu msuguano huo hugeuka joto, na joto lenyewe halina pa kukimbilia zaidi ya chuma kilekile.

Hesabu ya joto hilo ni nyepesi, na ingefaa kila mwenye gari aijue. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu jumla ya tani 56. Chukua gari la uzito huo kwenye tambarare. Dereva akiondoka na gia ya kwanza, ambayo injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika inampa mwendo wa kama kilomita 3 kwa saa, klachi inabaki na joto la karibu kilojuli 19. Akiondoka na gia ya juu zaidi, inayompa kilomita 9 kwa saa kwa mizunguko ileile, joto linafika karibu kilojuli 175. Mwendo umezidi mara tatu, joto limezidi mara tisa. Dereva aliyezoea kuondoka na gia ya tano gari likiwa tupu, akaendelea na mazoea hayo likiwa limejaa, hatahisi tofauti yoyote kwenye mguu wake. Klachi itaihisi.

Mlimani ni kubaya zaidi. Gari hilohilo likishikiliwa kwa klachi nusu kwenye mwinuko wa asilimia 10, gia ya kwanza, mizunguko ileile 1,000, handibreki ikiwa imeachiwa, huzalisha joto la kilowati 45 hivi. Ni kama pasi arobaini za umeme zimewashwa kwa pamoja na kufungiwa ndani ya nyumba ya klachi. Ndiyo maana foleni ya kupanda mlima Kitonga, lori moja likiwa limeharibika mbele na mengine yakisogea hatua kwa hatua nyuma yake, hula klachi kuliko mamia ya kilomita za barabara wazi. Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro usiku, njia ikiwa nyeupe, halisugui klachi isipokuwa mara chache. Lile linalokaa siku nzima likivuta hatua moja moja kuelekea bandarini au mpakani Tunduma linasugua mamia ya mara bila kutembea. Kwa hiyo anayesema "klachi hii imetembea kilomita kidogo tu, haiwezi kuisha" anapima kwa kipimo kisicho chake. Umri wa klachi ni idadi ya kuondoka, uzito uliobebwa, na gia iliyotumika.

Uchunguzi huanzia kwa dereva, na aulizwe kabla hajakaripiwa, maana mtu aliyekwisha kukaripiwa husema yatakayomwokoa. Tatizo lilianza lini, kidogo kidogo au ghafla? Kwenye gia zipi? Klachi inayoisha taratibu huanza kuteleza gia za juu, mlimani, injini ikiwa na mzigo kamili: mshale wa mizunguko unapanda, wa mwendo umesimama palepale. Baadaye utelezi hushuka hadi gia za kati, na mwisho gari linashindwa kuondoka. Dereva akisema jana lilikuwa zima na leo limegoma kabisa, fundi awaze kitu kilichovunjika, kilichomwagikiwa mafuta, au kilichokwama, na si lainingi iliyolika.

Halafu, kabla ya jeki, kuna kazi inayorukwa kila siku. Gia boksi ya lori kubwa ina uzito unaopita kilo 250, na kuishusha barabarani ni hatari ya kweli kwa watu walio chini yake. Busara ni kuthibitisha kwanza kwamba ubovu uko ndani. Klachi huweza kuteleza ikiwa nzima kabisa, kwa sababu mfumo wa mafuta unaoisukuma haujaachia mpaka mwisho. Hozi ya zamani huvimba kwa ndani, ikaruhusu mafuta kwenda yakisukumwa kwa nguvu na kuyazuia kurudi. Fimbo ya pedeli ikikosa nafasi yake ya kucheza, pistoni ya masta silinda haifiki nyuma kabisa, na kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta hubaki kimezibwa. Busta ya upepo nayo huweza kukwama. Katika hali zote hizi dereva ameondoa mguu lakini klachi bado imekanyagwa kidogo, na inateleza, na inaungua.

Kipimo chake hakihitaji zaidi ya spana moja. Wakati utelezi upo, magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi, legeza nati ya kutolea upepo kwenye busta. Mafuta yakiruka kwa shinikizo ilhali hakuna aliyekanyaga pedeli, na klachi ikaanza kushika, mgonjwa ni mfumo wa mafuta. Kipimo hicho kina thamani ya pekee kwa sababu hakirudiwi. Ukishafungua mfumo na kushusha gia boksi, ushahidi umemwagika chini. Utakachokiona ndani ni klachi iliyoungua, na klachi iliyoungua kwa hozi iliyovimba inafanana kabisa na iliyounguzwa na dereva mzembe. Nikiulizwa hatua moja ya kuwasisitizia mafundi vijana, ningechagua hii.

Kipimo cha utelezi wenyewe kinajulikana: gari limesimama, breki zimebana barabara, gia ya juu, mizunguko kidogo, kisha achia pedeli kwa utaratibu. Klachi nzima itaizima injini hapohapo. Injini ikiendelea kunguruma, klachi haishiki. Kifanywe mara moja tu, pasiwe na mtu mbele ya gari, na kisirudiwe ili kumwonyesha tajiri, kwa sababu chenyewe kinaunguza.

Malalamiko ya pili, kwamba gia haziingii au zinakwaruza, yanaelekeza upande mwingine kabisa. Hapo klachi inashika vizuri ila inakataa kuachia. Weka injini kwenye sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, kanyaga pedeli hadi chini, hesabu sekunde kama kumi ili shafti ya gia boksi itulie, kisha jaribu rivasi. Ikikwaruza, pleti bado inaburutwa. Upepo ndani ya mafuta ndiyo sababu ya kawaida na ya bei nafuu, basi ianze hiyo, pamoja na kuangalia shinikizo la upepo la gari na safari ya fimbo ya busta. Baada ya hapo ndipo tuifikirie pleti iliyopinda, meno ya shafti yenye kutu yanayoizuia pleti kuteleza mbele na nyuma, bushi za foku zilizolika, pailoti beringi iliyokwama ikawa inaizungusha shafti pamoja na injini, au pleti iliyofungwa kinyume. Gari lililoegeshwa miezi wakati wa masika huweza hata kugandisha lainingi kwenye flaiwili kwa kutu. Jambo la kuburutwa huvumiliwa na madereva wengi, wakajifunza kuingiza gia kwa kuvizia mizunguko, na gharama yake hujitokeza baadaye ndani ya gia boksi, kwenye sinkronaiza zilizokwisha.

Kutetemeka wakati wa kuondoka ni malalamiko ya hila. Kunaweza kutoka kwenye klachi, yaani mafuta kwenye lainingi au madoa magumu ya joto kwenye chuma. Kunaweza pia kutoka kwenye maunti za injini zilizokatika au krosi za propela shafti zilizolegea. Hizi mbili zinaonekana kwa tochi na kwa mkono, chini ya gari, bila kufungua lolote. Klachi ngapi zimebadilishwa, na gari likaendelea kutetemeka palepale getini?

Kelele nazo zina mantiki yake, na mantiki hiyo haihitaji sikio la pekee. Inahitaji kujua kipi kinazunguka wakati gani. Gia ikiwa nyutro na mguu ukiwa nje, shafti ya kuingilia ya gia boksi inazunguka pamoja na injini. Kelele ikisikika hapo na kutoweka unapokanyaga pedeli, shuku beringi ya mbele ya gia boksi. Kelele ikianza unapokanyaga, shuku rilizi beringi, kwa kuwa sasa imebebeshwa mzigo. Ikisikika pedeli ikiwa chini kabisa na gia ikiwa imeingizwa, gari limesimama, ongeza pailoti beringi kwenye washukiwa, kwa sababu hapo injini inazunguka ilhali shafti imesimama, na beringi hiyo iko katikati yao.

Sasa gia boksi imeshuka, na vyuma vimewekwa juu ya gunia. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa kuona rangi moja tu. Wanaiona ile buluu na zambarau kwenye uso wa presha pleti, nyufa nyembamba zinazoelekea nje kama nywele, lainingi nyeusi inayonuka na kumomonyoka, na wanatamka: dereva. Lakini kuungua ni mwisho ambao vyanzo vingi hukutania. Klachi iliyomwagikiwa mafuta huteleza, kisha ikaungua. Klachi iliyokosa kuachiwa na hozi huteleza, kisha ikaungua. Klachi iliyofungwa juu ya flaiwili yenye ngazi haishiki sawasawa, ikateleza, kisha ikaungua. Injini ambayo pampu yake ya dizeli imefunguliwa ili "ivute zaidi" hutoa nguvu kuliko klachi inavyoweza kubana, nayo ikaungua mikononi mwa dereva bora kabisa. Rangi ya buluu inathibitisha kwamba palikuwa na joto. Aliyelileta anatafutwa mahali pengine kwenye vyuma hivyohivyo.

Anza na mafuta. Shika pleti kwa ukingo, igeuze kwenye mwanga, tazama lainingi karibu na kitovu, mahali ambapo moto huchelewa kufika. Kama kuna utepe mweusi wenye kung'aa unaoanzia ndani na kutawanyika nje, mafuta yalikuwepo kabla ya moto. Ya nani? Kama nyuma ya flaiwili na karibu na boliti zake kuna unyevu, imevuja oili sili ya krenki shafti. Kama unyevu uko kwenye bomba linaloongoza rilizi beringi na sakafuni mwa nyumba ya klachi upande wa gia boksi, imevuja ile ya shafti ya kuingilia. Wengine hutumia pua, kwa kuwa oili nyingi za gia zina harufu kali ya salfa, lakini zipo gia boksi za malori zinazotumia oili ya daraja la injini, na hapo pua hudanganya. Uaminifu uko kwenye njia ya unyevu. Na kama kilichotawanyika ni grisi, mistari myembamba iliyorushwa kutoka kwenye meno ya kitovu, basi ni fundi wa mara iliyopita aliyeipaka kwa ukarimu. Meno hayo yanataka utando mwembamba tu, na ziada ifutwe baada ya pleti kutelezeshwa mara chache.

Pasipo na dalili ya mafuta, pima unene. Lainingi iliyolika hadi riveti zikachora miviringo kwenye flaiwili imekufa kwa umri, na swali lililobaki ni kwa nini hakuna aliyejali dalili zake. Lainingi iliyoungua ikiwa bado nene, nyuso zote mbili kwa usawa, vidole vya diaframu vikiwa vizima, imekufa kwa joto la ghafla: kuondoka na gia isiyofaa, kushikilia gari mlimani kwa klachi, uzito uliozidi, au mfumo wa mafuta usioachia, kama hukuupima mapema. Uso mmoja ukiwa umeungua na mwingine mzima, pleti haikuwa ikisogea kwa uhuru, au upande mmoja wa chuma ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Alama ikiwa ya utepe wa nje au wa ndani pekee, chuma kimepinda kwa joto na hakigusi uso wote. Na ukiona imeshika sehemu chache tu za mzunguko, jumba la presha pleti lilifungwa kwa kukaza boliti moja hadi mwisho kabla ya nyingine, likapinda. Boliti hizo zikazwe kidogo kidogo kwa kuvukana.

Kwenye lainingi inayong'aa kama kioo bila kupasuka, mara nyingi mtu alipumzisha mguu kwenye pedeli safari nzima. Vidole vya diaframu vitatoa ushahidi huohuo kwa kulika ncha zake. Lakini hapa nina tahadhari. Klachi isiyo na nafasi ya kutosha kwenye fimbo yake hutoa alama zilezile, kwa hiyo nafasi ipimwe kabla mguu haujatajwa. Kadhalika, kwenye mifumo mingi ya sasa rilizi beringi hugusa vidole muda wote kwa mzigo mdogo, na mng'ao mwepesi kwenye ncha ni wa kawaida. Mtaro mzito ulioegemea upande mmoja ndio ugonjwa: beringi imekaa nje ya katikati, foku imelika, au bomba la kuongozea limechakaa.

Kitovu cha pleti ndicho kinachomtetea dereva mara nyingi zaidi kuliko kipande kingine chochote. Bati la pleti likipasuka kuzunguka kitovu, na meno yake yakawa yamelika kwa mshazari, mapana upande mmoja, kuna kitu hakikuwa kwenye mstari. Huenda pailoti beringi ilikufa. Huenda pia, siku ya kufunga, gia boksi iliingizwa shafti kisha ikaachwa ining'inie wakati fundi akitafuta boliti. Uzito wote ule unabebwa na bati jembamba. Halivunjiki siku hiyo. Hupinda, na baada ya maelfu ya kilomita hukatika, dereva akiwa amekaa kwenye usukani. Springi za kitovu zilizotoka kwenye nyumba zake zina hadithi nyingine, ya kuendesha mizunguko ikiwa chini mno hadi gari lote linagonga, au ya pleti isiyo ya injini ile. Na mabati membamba yanayoishikilia presha pleti kwenye jumba lake yakikatika au kujikunja, palikuwa na kishindo: kurudisha gia kwa pupa, kuwasha gari kwa kulivuta, au propela shafti yenye krosi zilizokwisha.

Kuna uharibifu mmoja ambao sina budi kuutaja kwa urefu, kwa kuwa ni wa dereva kweli na unaweza kuua. Nyumba ya klachi inafunguliwa na lainingi haipo, imebaki vipande na vumbi, huku presha pleti haina hata doa la buluu. Lainingi hiyo haikuungua. Imepasuka kwa kasi. Pleti imefungwa kwenye shafti ya gia boksi, na gia ikiwa imeingizwa, pleti huzungushwa na magurudumu hata kama klachi imekanyagwa. Rudi kwenye ile gia inayotoa kilomita 9 kwa saa kwa mizunguko 1,000. Dereva akiteremka akiwa ameiingiza, pedeli iko chini, gari likafika kilomita 45 kwa saa, pleti inazunguka mara 5,000 kwa dakika. Injini iko kwenye sailensa, kimya, na mshale wake hauonyeshi lolote. Ukilinganisha na mizunguko 2,000, nguvu inayoirarua lainingi kuelekea nje imezidi mara sita. Ikipasuka, gari limetengana na injini katikati ya mteremko, na breki ya injini haipo tena. Kwenye miteremko kama ya Kitonga kilichobaki hapo ni breki za magurudumu ambazo huenda zimeshapata moto. Dereva aliyefikishwa gereji na lainingi ya namna hii anahitaji kufundishwa upya siku hiyohiyo, kabla hajarudishiwa funguo.

Kasi hiyohiyo ndiyo inayonifanya niziogope pleti zilizogongwa lainingi mpya mtaani. Naelewa kwa nini zinanunuliwa: bei ni sehemu ndogo ya pleti mpya, na gari haliwezi kulala wiki nzima. Lakini anayegonga lainingi hiyo huigonga kwenye bati la zamani, na vile vibati vya mawimbi vilivyo katikati ya nyuso mbili, ambavyo huifanya klachi ishike kwa upole, vimeshalala. Springi za kitovu zimeshachoka. Riveti zimepigwa kwa jicho. Inaweza kudumu kwenye gari la shambani. Kwenye lori la tani 56 linaloteremka milima, mwenye gari ananunua hatari ambayo hataiona mpaka ipasuke. Dukani nako, kipande kipya kipimwe dhidi ya cha zamani kwa kipenyo, idadi ya meno, urefu wa kitovu na uzito, na kitelezeshwe kwenye shafti kwa mkono kabla hakijafungwa.

Kabla ya kufunga, flaiwili iangaliwe kwa rula iliyonyooka na tochi. Ngazi, mitaro na nyufa haziondoki kwa msasa. Ipelekwe kukerezwa, na uso wa boliti za presha pleti upunguzwe kiasi kilekile ikiwa flaiwili ni ya aina ambayo uso huo na ule wa lainingi haviko kwenye usawa mmoja, la sivyo nguvu ya kubana itapungua na gari litarudi. Kama nyufa zimezama kupita kiwango cha mtengenezaji, flaiwili ibadilishwe. Oili sili zote mbili, pailoti beringi, rilizi beringi na bushi za foku vibadilishwe wakati huohuo, kwa kuwa gharama kubwa iliyopo ni ya kushusha gia boksi na imeshalipwa. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa: lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na huwezi kujua kwa macho ni zipi. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Magari mapya yanayokuja na gia za kujiingiza zenyewe, yasiyo na pedeli ya klachi, yamebadilisha sehemu ya mjadala huu. Bado yana pleti, presha pleti na lainingi kama kawaida, ila mguu wa dereva umechukuliwa na kompyuta, na sensa inayopima safari ya klachi inaweza kuonyesha imebaki kiasi gani. Mengi hutoa onyo klachi ikipata joto kupita kiasi, na katika baadhi yake matukio hayo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu. Kwa dereva asiye na kosa, kumbukumbu hiyo ni wakili, mradi gereji iisome na kuichapisha kabla haijafutwa. Lakini sensa inajua umbali tu. Haijui kwamba oili sili inavuja, wala kwamba bati limepinda siku ya kufungwa. Tena ukifunga klachi mpya bila kuifundisha kompyuta upya mahali inapoanzia kushika, itaendelea kuiendesha kwa vipimo vya ile iliyokufa, na gari litaondoka kwa kutetemeka tangu siku ya kwanza.

Kinachobaki ni cha karatasi. Piga picha nyuso zote mbili za pleti, vidole vya diaframu, kitovu, na sehemu ya ndani ya nyumba ya klachi kabla haijaoshwa. Andika tarehe, kilomita, matokeo ya kipimo cha nati ya upepo, unene uliobaki wa lainingi, na mahali unyevu ulipoonekana. Dereva na mwenye gari wavione vyuma vikiwa bado juu ya gunia, wote wawili wakiwepo, na vikae gereji mpaka gari limalize safari yake ya kwanza ya mzigo likarudi bila malalamiko.